Gari la Shahidi: Kutafuta Kiini cha Matatizo ya Mbio za Magari ya Mbao

"Mwalimu, njia ya tatu imelogwa!" alilia kijana wa miaka kumi, na sikuwa na la kumjibu. Lilikuwa gari la nne mfululizo kuburuta mkia kwenye njia hiyo. Wazazi upande wa madirisha walisema tatizo ni magari. Vijana waliosukuma kazi ya kuunda njia walikaa kimya, kwa sababu walijua walivyoiunganisha usiku wa kuamkia siku hiyo. Tulibishana nusu saa nzima, chai ikapoa, na mwisho tukaamua kwa sauti kubwa badala ya ukweli.

Mwaka uliofuata nilikuja na gari ambalo halikuwa la mtoto yeyote. Halishindanii zawadi wala halipakwi rangi, na kazi yake ni moja tu: kukiwa na malalamiko, linakimbia kabla mtu hajafungua mdomo. Vijana wakaliita Shahidi. Mambo mengi nitakayoeleza hapa nimeyajua kwa sababu yake.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: ni kipande cha mbao, misumari minne na magurudumu manne, basi. Hakuna injini, hakuna betri. Gari linawekwa juu ya mteremko, linaachiwa, na mvuto wa ardhi unafanya kazi yake. Mchezo huu aliuanzisha Don Murphy mwaka 1953 kule Manhattan Beach, California, kwa ajili ya watoto wa skauti ambao umri wao haukuwaruhusu kushindana na magari makubwa ambayo mtoto hupanda ndani. Alitumia mbao za msonobari, zenye urefu wa inchi 7, na kikomo cha uzito kilichozoeleka ni aunsi 5, yaani gramu 142. Mwaka huohuo wa 1953 ndio Safari Rally, yale mashindano makubwa ya magari, ilipokimbiwa mara ya kwanza hapa kwetu, wakati huo ikiitwa Coronation Safari. Mambo hayo mawili hayahusiani hata kidogo, lakini ukiwaambia vijana wa Nairobi, watakuchongea Subaru kumi na mbili kwa jioni moja.

Njia yetu tunaiunda hivi. Tunanunua shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, ya milimita 9, na kumwomba fundi aipasue kwa urefu vipande vinne vya upana wa futi moja. Ukiviunganisha kichwa kwa mkia unapata futi 32, na upana wa futi moja unatosha njia tatu. Kila njia ina fito la plaiwudi ya milimita 6 katikati, upana sentimita 4. Gari hulipanda fito hilo, gurudumu huku na gurudumu huku, ili lisitangetange. Kichwa cha njia kinakaa juu ya meza na kreti, futi 4 kutoka sakafuni. Tunashindana kwenye ukumbi wa kanisa mtaani, Eastlands ya Nairobi, paa la mabati. Hilo la paa lina taabu yake, nitalifikia.

Shahidi anavyotumika

Kanuni ni moja. Gari likifanya jambo la ajabu, usiliguse kwanza. Mlete Shahidi, mwachie kwenye njia ileile, mara tatu. Akifanya kituko kilekile, ugonjwa uko kwenye njia. Akipita salama, ugonjwa uko kwenye gari. Kama safari moja anapita na nyingine anakwama, angalia geti la kuanzia au mkono wa anayeachia.

Unda Shahidi wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Asiwe na kasi sana. Awe tu hana kigeugeu. Gari linalofika kwa muda uleule kila safari lina faida kwako kuliko linaloshinda leo na kesho linajikokota.

Njia moja inashinda kila mara, au inashindwa kila mara

Hili ndilo tatizo lenye kelele kuliko yote, na ndilo watu hulitafutia sababu mahali pasipo. Mkimbize Shahidi mara tano kwenye kila njia, andika muda, kisha linganisha. Tofauti ndogo isikutie wasiwasi. Lakini kama njia moja inamchelewesha kila mara, mara zote tano, piga magoti.

Anza na viungo, pale ambapo kipande kimoja cha plaiwudi kinakutana na kingine. Pitisha kucha kutoka juu kwenda chini. Kucha ikigonga ukingo, gurudumu pia linagonga. Kidato cha milimita moja macho huenda yasikione, ila gurudumu dogo lenye kipenyo cha sentimita 3 linakiona kama tuta la barabarani. Kwenye njia yetu ya tatu ndipo palipokuwa pamelogwa: kipande cha chini kilikuwa kimeinuka upande mmoja kwa sababu skrubu ilikosekana. Dawa yake ni kibao cha kuunganisha chini ya kiungo, skrubu mbili kila upande, kisha msasa juu. Kama lazima pabaki kidato, afadhali kiwe cha kushuka kuliko cha kupanda.

Pili, weka pimamaji kwa upana wa njia, si kwa urefu tu. Sakafu za kumbi zetu nyingi zina mwinamo ili maji ya kudeki yatoke. Njia ikiinama upande, magari yote yanaegemea upande mmoja na kusugua fito. Kadibodi chini ya mguu wa kreti inatosha, ila uipime tena baada ya watoto kuanza kukimbiakimbia pembeni, kwa sababu wataigonga.

Tatu, plaiwudi yenyewe. Shiti iliyoegemezwa ukutani mwezi mzima hupinda, na iliyonyeshewa hunyanyuka safu ya juu. Hiyo haina tiba ya siku moja. Ilaze chini kwenye sakafu kavu, iwekee mizigo, na mwakani uihifadhi vizuri.

Nne ni geti. La kwetu ni ubao wenye vijiti vitatu vinavyochomoza mbele ya magari, umefungwa kwa bawaba, na mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli unauvuta chini ukiachiwa. Mpira ukilegea, vijiti vinashuka kwa uvivu na magari yanavifuata nyuma badala ya kuachwa huru. Hapo ndipo gari lenye pua iliyonyanyuka linapoondoka kabla ya wenzake, kwa kuwa kijiti kinaipisha mapema. Wengine wamegundua ujanja huo na huchonga pua kwa makusudi. Sisi tuliandika sheria: pua iwe bapa, na iguse kijiti kwenye kimo kilekile kwa magari yote. Badilisha mpira kila mwaka. Kipande cha tyubu kuukuu utapewa na fundi wa baiskeli yeyote.

Kama umefanya yote hayo na bado njia moja ina upendeleo kidogo, acha. Panga mashindano ili kila gari lipite kila njia, na upendeleo utawagawia wote sawa. Nitaeleza mpangilio huo chini.

Gari linasimama kabla ya mstari

Shahidi amepita, kwa hiyo ni gari. Ligeuze tumbo juu na uzungushe kila gurudumu kwa kidole. Gurudumu zuri linaendelea kuzunguka sekunde kadhaa na linasimama taratibu. La kusimama ghafla lina kitu kinachosugua, na mara nyingi utakiona ukikodoa macho.

Sisi tunatumia vifuniko vya chupa za maji kama magurudumu, na msumari wa inchi mbili kama ekseli. Ubaya wa kifuniko ni wembamba wake: kinacheza kwenye msumari kama kofia kwenye kichwa kidogo, kinaegemea mbao na kusaga. Tiba tuliyoipata ni kijiti cha plastiki cha lolipopu, kile chenye tundu katikati. Kata kipande cha sentimita moja, kipitishe kwenye kifuniko, kigandishe kwa gundi, kisha msumari uingie ndani yake. Sasa gurudumu lina mkono mrefu wa kushikia msumari, na haliyumbi. Tundu la kifuniko litobolewe kwa keekee. Ukichoma kwa msumari wa moto, plastiki iliyoyeyuka huacha mdomo mgumu unaokwaruza, na tundu halikai katikati. Tundu lisipokuwa katikati, gari linatembea likirukaruka kama mkokoteni wa soko la Gikomba.

Kisha tazama msumari. Chini ya kichwa cha kila msumari kuna vipele vya chuma vilivyoachwa na mashine kiwandani, na shingoni pana mistari. Vipele hivyo ndivyo vinavyokula kasi ya magari mengi ya watoto. Funga msumari kwenye keekee, uzungushe, ushikilie tupa ndogo chini ya kichwa, halafu msasa wa namba 400, wa 600, na ukiupata, wa 1000. Usiache mpaka msumari ung'ae kama kijiko. Kazi hii inachukua dakika tano kwa msumari. Nimeona gari bovu kwa sura likawapita wote kwa sababu ya dakika hizo ishirini.

Acha nafasi ya milimita moja kati ya gurudumu na mbao. Kadi ya simu ya zamani ya kukwaruza ni kipimo kizuri cha kuanzia, ipitishe bila kulazimisha. Ikikataa kupita, vuta msumari nje kidogo.

Mafuta? Hapana. Kila mwaka kuna mtoto anayeleta gari linalonukia mafuta ya kupikia au grisi ya pikipiki. Linakimbia vizuri sebuleni, kisha vumbi la ukumbini linaganda kwenye ekseli na kufikia raundi ya tatu limekuwa uji. Kilainishi kinachofaa ni unga wa grafiti, na huhitaji kuutafuta mjini: sugua ncha ya penseli laini kwenye msasa, unga utakaodondoka ndio huo. Penseli ya 6B ni bora kuliko HB ya shuleni, kwa sababu HB ina udongo mwingi zaidi uliochanganywa na grafiti. Tia unga kidogo kati ya msumari na gurudumu, zungusha, pulizia uliobaki.

Ikiwa magurudumu yote yanazunguka vizuri na gari bado linasimama, angalia tumbo. Uzito uliogandishwa chini ya gari huning'inia na kugusa fito la katikati. Tundu la ekseli liwe milimita 4 tu kutoka upande wa chini wa mbao. Kwa kifuniko chenye kipenyo cha milimita 30, tumbo litabaki milimita 11 juu ya njia, na fito ni 6, kwa hiyo utakuwa na nafasi. Nati na washa za kuongeza uzito zichimbiwe shimo, zisibandikwe.

La mwisho ni wepesi. Wengine watakuambia uzito hauna maana kwa kuwa vitu vyote huanguka sawa. Ni kweli pale pasipo na hewa wala msuguano. Hapa kwetu hewa inalisukuma gari jepesi nyuma kwa nguvu ileile inayolisukuma zito, na zito ndilo lenye akiba ya kuvumilia. Gari la gramu 80 litashuka mteremko kwa majivuno na kufa kwenye tambarare. Liongezee uzito hadi karibu na kikomo.

Gari linayumba, linagonga fito, au linaruka nje

Weka gari kwenye sakafu ya vigae, lisukume polepole, uone linaelekea wapi. Katika mita moja na kidogo, likienda kando sentimita 2 au 3, halina neno. Likipinda kama linatafuta mlango, ekseli moja imeingia mshazari. Itoe, ziba tundu kwa kijiti cha kiberiti na gundi, toboa upya ukitumia kigezo cha pembe mraba. Usinyooshe msumari kwa koleo ukiwa bado ndani ya mbao. Utapasua mbao na bado haujanyooka.

Kuyumba kwa kasi, mkia ukicheza huku na huku, mara nyingi ni uzito uliokaa nyuma kupita kiasi. Hapa kuna jambo linalowachanganya watoto. Uzito wa nyuma ni mzuri kweli: gari likiwa limelala kwenye mteremko, sehemu ya nyuma iko juu zaidi, kwa hiyo uzito uliokaa huko una safari ndefu zaidi ya kushuka, na hiyo ndiyo nguvu ya gari. Ila ukiuweka nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele yanakosa kitu cha kuyakandamiza na yanaelea. Lilaze gari juu ya kingo ya rula na utafute pale linapotulia bila kuinama. Pakiwa sentimita 2 na nusu hadi 3 mbele ya ekseli ya nyuma, usiguse kitu.

Kama ni magari mengi yanaruka mahali pamoja, mwite Shahidi. Kwetu ilikuwa pale mteremko unapokutana na tambarare. Tulikuwa tumeunganisha vipande viwili kwa pembe kali, na magari yalikuwa yanapiga pua chini kisha yanaruka. Plaiwudi ya milimita 9 inakubali kupinda. Iachie ishuke kwa mkunjo mrefu, uitegemeze na vibao vya vimo vinavyopungua, usiivunje kiuno.

Mbao imepasuka, gurudumu limetoka

Hili fupi. Mbao imepasuka kwa sababu msumari umepigwa nyundo bila kutobolewa njia. Toboa kwa keekee nyembamba kidogo kuliko msumari. Sababu ya pili ni ubichi: mabaki ya saiprasi ya mbili kwa mbili unayopewa bure kwa seremala mara nyingi yamepasuliwa juzi, na yakikauka yanajinyonga. Yachukue mwezi mmoja kabla, yapange ndani yakipitisha hewa. Gurudumu linalotoka, tone moja la gundi kwenye tundu la mbao, mbali na gurudumu. Watoto hutia gundi hiyo upande usiofaa, na baada ya hapo unakuwa na sanamu badala ya gari.

Ugomvi wa mizani

"Lakini mwalimu, nyumbani ilikuwa mia moja arobaini na mbili!" Na inawezekana ni kweli. Mizani mbili za jikoni kupishana gramu mbili au tatu si ajabu, na mizani iliyowekwa juu ya kitambaa cha meza inadanganya zaidi. Tangazeni mapema kwamba mizani ni ile moja ya ukumbini, iwekwe juu ya kitu kigumu na bapa, na mtu mmoja tu aisome. Sisi tulipandisha kikomo hadi gramu 150, kwa sababu kipande cha saiprasi cha mbili kwa mbili kabla ya kuchongwa chaweza kuzidi gramu 142 chenyewe, na watoto wadogo hawana mikono ya kuchonga sana. Hakuna skauti aliyetushtaki.

Kwenye meza hiyohiyo weka keekee, washa kadhaa na gundi ya haraka. Gari lililozidi litobolewe tumboni hapohapo, lililopungua liongezewe. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa gramu nne.

Jambo moja nalikataza moja kwa moja: risasi. Kuna atakayewaza kuyeyusha risasi ya betri kuukuu ya gari kwa jirani wa jua kali, kwa kuwa ni nzito na laini. Ni sumu, na mwili wa mtoto huipokea kwa wingi kuliko wa mtu mzima. Yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliokaa jirani na kazi ya kuyeyusha betri, yalifika hadi mahakamani. Nati za chuma zinatosha.

Hakuna anayekubaliana nani ameshinda

Watu watatu wamesimama mstarini, majibu matatu. Si waongo. Gari likifika kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde, jicho la mtu aliyesimama upande mmoja linaona njia iliyo karibu naye kuwa ya kwanza.

Simu inasaidia, ila ujue mipaka yake. Video ya kawaida huchukua picha 30 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, gari linasogea sentimita 13 hivi kati ya picha moja na nyingine, karibu robo tatu ya urefu wake, kwa hiyo mshindi anaweza kuvuka mstari pale ambapo simu imefumba jicho. Simu nyingi sasa zina video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde, na hapo gari linasogea chini ya sentimita 2. Funga simu hiyo juu kabisa ya mstari, ikitazama chini, juu ya ngazi au ubao uliolazwa kati ya viti viwili vilivyopandanishwa. Ikikaa pembeni, itapendelea njia kama macho yanavyopendelea. Chora mstari kwa rangi nyeusi nene juu ya karatasi nyeupe, na waambie watoto wasiutie kivuli.

Baada ya mstari, msiweke godoro liyazuie magari kwa pua. Tandika sponji katikati ya njia, nene kuliko nafasi iliyo chini ya tumbo, iinue gari hadi magurudumu yaachane na njia. Kwa njia hii ekseli hazipindi kati ya raundi, na gari linalorudi kwenye raundi ya pili ni lilelile la kwanza.

Gari zuri mno

Penye wazee hapaharibiki neno, husema wahenga. Hawakuhudhuria mbio za watoto. Dalili ni hizi: rangi ya gari la kweli, iliyopulizwa na kompresa, kingo zilizonyooka kama za mashine, na mwenye gari, ukimwuliza ekseli ameipitishaje, anamtazama baba yake.

Kumfukuza mtoto ni kumwadhibu asiye na kosa. Kumkemea baba mbele ya mwanawe ni vibaya zaidi. Nilijaribu, na Jumapili tatu zilizofuata hatukusalimiana. Kilichofanya kazi ni mawili. Kwanza, kazi yote ya kuchonga inafanyika ukumbini, Jumamosi mbili kabla ya mbio, na magari yanalala ukumbini. Mzazi anakaribishwa kushika msumeno na keekee, kwa kuwa vidole vya mtoto ni vyake, lakini msasa, rangi na grafiti ni za mtoto. Pili, tukaanzisha mbio za wazazi, baada ya zile za watoto, bila kikomo cha ujuzi. Yule baba wa kompresa alileta gari lenye taa. Lilishika nafasi ya sita, na mwanawe alicheka hadi akakaa chini.

Magari yakishapimwa yanawekwa kwenye meza moja, na hayaguswi tena na mtu ila mwenye gari akiitwa. Hata mchungaji.

Saa tano, na nusu ya watoto wameshaacha kutazama

Sababu ni mtoano. Ukiendesha mbio kwa mtindo wa anayeshindwa anatoka, theluthi mbili ya watoto wamemaliza siku yao kwa sekunde 3. Walichonga Jumamosi mbili kwa ajili ya sekunde 3. Wataanza kurusha viti.

Wape wote idadi sawa ya raundi, kila gari lipite kila njia mara moja. Kwa njia tatu, idadi ya raundi inakuwa sawa na idadi ya magari: magari 21, raundi 21. Ukihesabu dakika mbili na nusu kwa raundi, pamoja na mtoto aliyeenda chooni, hiyo ni chini ya saa moja.

Ninaopenda zaidi ni mpangilio wa makundi ya magari saba. Raundi ya kwanza panga gari la 1, la 2 na la 4, kwa mfuatano huo kwenye njia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Raundi inayofuata sogeza kila namba kwa moja: 2, 3, 5. Kisha 3, 4, 6. Kisha 4, 5, 7. Ukipita saba unarudi moja: 5, 6, 1, halafu 6, 7, 2, na ya mwisho 7, 1, 3. Angalia kilichotokea: kila gari limepita kila njia mara moja, na kila gari limekutana na kila mwenzake mara moja tu, si zaidi. Mimi si mtu wa hesabu, ila siku niliponyoosha kalamu na kuhakiki jambo hilo nilienda kumwamsha mke wangu.

Mshindi wa raundi apewe pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, na mwenye jumla ndogo ndiye anayeongoza kundi. Pointi zikilingana, tazama raundi ambayo hao wawili walikutana. Ukiwa na watoto 21, makundi matatu, viongozi watatu wanaingia fainali, na fainali iwe raundi tatu wakibadilishana njia.

Jedwali liandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa ukutani. Usitegemee kompyuta na projekta. Stima ikipotea, karatasi haipotei.

Mvua na mabati

Msipange Aprili. Ni likizo, najua, lakini ni katikati ya masika, na mvua ikianza kupiga mabati hakuna anayesikia jina lake likiitwa hata ukipaza vipi. Sisi tulihamia likizo ya Agosti. Kuna baridi, ila ni kukavu. Kama hamna budi, tumieni vibendera: kijani, njoo na gari, nyekundu, kila mtu mbali na njia. Plaiwudi iliyolowa usikimbize magari juu yake siku hiyo.

Shahidi anapotoa ushahidi wa uongo

Hili lilinipata mwaka wa tatu. Kuanzia saa nne, kila alipokimbia, Shahidi alionyesha kwamba njia zote tatu ni mbovu. Tukafungua viungo, tukabadilisha mpira wa geti, tukapima sakafu. Njia hazikuwa na kosa. Mwishowe mtoto mmoja mdogo akaninong'oneza kwamba wakati wa chai wakubwa walikuwa wanashindana na Shahidi kwenye korido ya saruji. Tulipomgeuza tumbo juu, ekseli ya mbele kushoto ilikuwa imepinda na gurudumu limejaa mchanga.

Siku hizi mashahidi ni wawili, wamechongwa kwenye mbao moja. Asubuhi wanakimbia pamoja na muda wao unaandikwa pembeni mwa jedwali. Mmoja anakaa mezani. Wa pili yuko ndani ya mkebe wa biskuti, mkebe uko ndani ya mkoba wangu, na mkoba haushuki begani hadi zawadi zitolewe.